Kinga ya kiwiko inayokaa mahali pake: jibu kwa kijana wa Himbi anayekwenda kucheza hoki ya barafu

Swali: Dokta, salamu kutoka Himbi. Nina miaka 24 na urefu wa mita 1 na sentimita 74. Hapa Goma ninateleza kwa patini za magurudumu pamoja na vijana wenzangu tangu nikiwa shule ya sekondari. Mwezi wa tisa ninakwenda Québec kwa masomo, na kaka yangu anayeishi huko ameshaniandikisha katika timu yake ya hoki ya barafu, timu ya watu wazima wanaocheza kwa kujifurahisha mara moja kwa juma. Viatu na kofia atanipatia yeye, lakini kinga nyingine anasema nijitafutie. Juzi huko Birere nimekuta katika robota la chaguwa, yaani mitumba, kinga mbili za viwiko za hoki, nene sana, na muuzaji anaomba dola 10. Zote mbili zimeandikwa L kwa ndani, naye anasema maana yake ni saizi kubwa. Je, nizinunue? Kama si hizo, nichague kwa kutazama nini? Na nikizinunua, ninaweza kuzivaa hapa barabarani hadi siku ya safari?

Jibu: Mdogo wangu, salamu nimezipokea. Dola 10 zako zibaki mfukoni kwanza. Sidharau vitu vya chaguwa, kwa kuwa nusu ya vifaa nilivyochezea mimi mwenyewe miaka ile ya masomo vilikuwa vimeshavaliwa na mtu mwingine. Linalonitia wasiwasi ni hiyo herufi L. Kinga nyingi za viwiko za hoki hutengenezwa moja kwa mkono wa kushoto na nyingine kwa mkono wa kulia, na kwa kuwa wanunuzi wengi wako Kanada na Marekani, alama ya ndani hufuata Kiingereza, yaani L kwa kushoto na R kwa kulia. Saizi kwa kawaida huandikwa penginepo, kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa pembeni au juu ya mkanda, nayo huambatana na herufi SR kwa kinga za watu wazima au JR kwa za vijana. Kwa hiyo inawezekana muuzaji anasema kweli, na inawezekana vilevile kwamba ameshika mikono miwili ya kushoto iliyokutanishwa na mtu aliyekuwa akifunga robota kwa haraka. Zilaze mezani zote mbili, vikombe, yaani zile sehemu ngumu zinazofunika kiwiko, vikitazama juu na upande wa kifundo cha mkono ukielekea kwako. Zikiwa jozi, zitatazamana kama viganja viwili vya mtu mmoja. Zikiwa zimepinda upande uleule, kama ndala mbili za mguu mmoja, mrudishie.

Umeniandikia pia kwamba ni nene sana, na ninahisi umeliandika neno hilo kama sifa. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu karibu kila mtu anayenunua kinga ya kiwiko kwa mara ya kwanza huibonyeza kwa kidole gumba, huridhika na unene wake, na huishia hapo. Mimi husema kwamba unene ni jambo la tatu. La kwanza ni kinga kukaa mahali pake tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na la pili ni kufunika mkono wote unaobaki wazi kati ya kinga ya bega na glavu. Tazama chukudu zetu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili, zinazoteremka kutoka Kibumba zikiwa zimebeba makaa na viazi. Pale goti la mwenye chukudu linapokaa hupigiliwa kipande cha ndala au cha tairi, chembamba tu, na kazi inafanyika kutwa nzima kwa kuwa kipande kile kiko palepale goti linapotua. Kipande kinene mara mbili kilichopigiliwa shubiri moja kando hakingemsaidia kitu.

Kunja mkono wako sasa hivi, kisha ushike ncha ya kiwiko kwa vidole vya mkono wa pili. Utakuta mfupa, na juu ya mfupa huo ngozi peke yake, bila nyama wala mafuta ya kupunguza pigo. Kati ya ngozi na mfupa kuna kifuko chembamba chenye majimaji kidogo, ambacho kazi yake ni kuifanya ngozi iteleze juu ya mfupa unapokunja na kunyoosha mkono. Kifuko hicho kikigongwa kwa nguvu, au kikigongwa kidogo kidogo mara nyingi, hujaa maji au damu na kuvimba kwa nyuma kama yai. Sasa sogeza kidole upande wa ndani, ule unaoelekea mbavu, na utaona kijishimo kati ya mifupa miwili. Humo hupita mshipa wa fahamu unaoteremka hadi kidole cha mwisho na nusu ya kidole kinachofuata, na ndio unaokupiga umeme unapojigonga kwenye kona ya meza. Hatimaye nyoosha mkono polepole huku vidole vikiwa bado kwenye ncha ile. Umeona jinsi inavyohama? Mkono ukiwa umekunjwa, ncha hujitokeza nje na kuwa kitu cha kwanza kugusa chini. Mkono ukinyooka, huingia na kujificha. Kinga inayofaa ni ile inayoifuata ncha hiyo katika mwendo wake wote.

Kuhusu mapigo yenyewe, timu kama ya kaka yako kwa kawaida hucheza chini ya kanuni inayokataza kumvamia mwenzako kwa mwili, na Wakebeki huziita ligi za namna hiyo, kwa utani, ligi za gereji. Hutakutana basi na yale mapigo ya ukutani unayoyaona kwenye televisheni. Utakachokutana nacho zaidi ni barafu. Wewe unajua kuteleza kwa magurudumu, na hilo litakusaidia kwa mizani na kwa kusukuma miguu, lakini kusimama kwenye barafu ni kazi nyingine kabisa, na majuma ya kwanza utaanguka chali, mara nyingi bila kupata muda wa kujua kwamba unaanguka. Barafu haichubui kama lami, kwa kuwa mwili unaendelea kuteleza juu yake, lakini haibonyei hata kidogo, kwa hiyo pigo lote huingia moja kwa moja katika mfupa uliogusa kwanza. Baada ya barafu kuna fimbo za wenzako. Fimbo ikikosa kisahani, kile kinachopigwa kwenye hoki badala ya mpira, na kupiga mkono, hutua mara nyingi kati ya kiwiko na glavu, juu ya mfupa wa mkono wa chini, na hata mchezaji mpole kabisa hukosea shabaha akiwa amechoka. Mwisho kipo kisahani chenyewe, kipande cha mpira mgumu chenye unene wa milimita 25.4, upana wa milimita 76.2 na uzito wa kati ya gramu 156 na 170, ambacho katika mechi rasmi hugandishwa kwanza ili kisidundedunde. Katika ligi ya gereji hakitakujia kwa kasi ya mabingwa, ila mkono usio na kinga hautaona tofauti kubwa.

Kinga ya kisasa basi ina sehemu tatu, na unapaswa kuzitambua kabla hujaingia dukani. Katikati kuna kikombe, kipande cha plastiki ngumu kilichozungukwa na sponji, na ndani yake mara nyingi utakuta pete ya sponji yenye tundu katikati, mfano wa andazi la duara lililotobolewa. Tundu hilo lipo makusudi. Ncha ya kiwiko huingia humo na kuning'inia bila kugusa plastiki, ili pigo ligawanywe pembeni, kwenye nyama. Juu ya kikombe kuna bamba linalofunika misuli ya mkono wa juu kuelekea bega, na chini yake kuna bamba refu zaidi linalofunika mkono wa chini, ambalo ndilo hupokea fimbo. Kinga za bei ndogo huwa na sehemu hizi zimeshonwa kama kitu kimoja, na kinga za bei ya juu huziacha zijongee kila moja peke yake, kitu ambacho kinapendeza lakini si cha lazima kwa mtu anayecheza mara moja kwa juma. Kitu ambacho sikubali kikosekane ni ile pete ya ndani. Tia kidole kwenye kikombe: ukikuta sponji iliyolala sawasawa bila shimo, au shimo limejaa kwa sababu sponji imekufa, iache.

Kuhusu kupima, nitakueleza kwa urefu, na unisamehe, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe niliumia. Majira ya baridi yangu ya kwanza niliingia duka moja nikiwa na haraka, na kijana aliyekuwa akiuza aliniambia nichukue saizi kubwa kuliko yangu, eti itanilinda zaidi. Mbele ya kioo ilionekana vizuri. Uwanjani, mara tu jasho lilipoanza kutoka, kinga ya mkono wa kulia ilianza kuteremka, nami nikawa naipandisha kila niliporudi kwenye benchi, kama mtu anayevuta soksi iliyolegea. Dakika za mwisho za mechi nilianguka chali karibu na ukuta, na kiwiko kikatua juu ya barafu kikiwa kitupu kabisa, ilhali kinga nene ilikuwa imelala katikati ya mkono wa chini. Asubuhi yake nilikuwa na lile yai nililokueleza, na sikuweza kuegemea meza ya kusomea hadi majuma matatu yalipopita. Kinga ile nilimgawia mchezaji mwenzangu mrefu, na kwake ilikuwa nzuri sana.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu. Kwanza, usinunue kinga ya kiwiko kabla hujapata kinga ya mabega na glavu, kwa sababu kipimo cha kiwiko hutoka kwa hizo mbili. Vaa kinga ya mabega, vaa glavu, kunja mkono kidogo kana kwamba umeshika fimbo, kisha mwambie kaka yako apime kwa utepe urefu wa mahali palipobaki wazi, tangu mwisho wa kinga ya bega kwenye mkono wa juu hadi mdomo wa glavu. Hicho ndicho kinga ya kiwiko inapaswa kujaza. Ikiwa fupi, utabaki na ukanda wa ngozi ulio wazi juu ya kifundo cha mkono, na nakuhakikishia kwamba fimbo za watu zitaupata. Ikiwa ndefu, itagongana na glavu kila unapokunja kifundo, nayo glavu itaisukuma juu, na kikombe kitahama kutoka kwenye ncha ya kiwiko. Angalia pia kwamba glavu hazilingani: zipo za inchi 13, 14 na 15, tena kuna zenye mdomo mrefu na zenye mdomo mfupi, na kinga iliyomfaa kaka yako kwa glavu zake inaweza isikufae wewe. Mtu wa urefu wako mara nyingi huangukia saizi ya kati ya watu wazima, ile yenye alama SR na M, lakini chukua hilo kama mahali pa kuanzia tu. Wapo watu wa mita 1 na sentimita 74 wenye mikono mirefu, na kila kampuni hupima kwa namna yake.

Ukishaivaa, ingiza kiwiko mpaka uhisi ncha imetulia ndani ya tundu la pete, ndipo ufunge mikanda. Anza na ule wa katikati, ulio karibu na kiwiko, kwa kuwa ndio unaoishikilia kinga isiteremke. Ile ya juu na ya chini kazi yake ni kuyatuliza mabamba. Mikanda ibane kama mkono wa mtu anayekushika kukuvusha barabara: usihisi ganzi vidoleni, na usiweze kuizungusha kinga kwa mkono wa pili. Kisha fanya jaribio ambalo watu huona haya kulifanya mbele ya muuzaji. Nyoosha mikono yote miwili mbele, ikunje mpaka vidole viguse mabega, izungushe kama mtu anayeogelea, rudia mara 20, halafu usimame. Bila kurekebisha chochote, bonyeza juu ya kikombe na usikilize ncha ya kiwiko iko wapi. Ikiwa bado imo ndani ya tundu, hiyo ni kinga yako. Ikiwa imepanda ukingoni, jaribu saizi ndogo zaidi au muundo mwingine, hata kama muuzaji ameanza kutazama saa yake. Ulifanye jaribio hili ukiwa na shati lile utakalochezea, kwa sababu kinga iliyokaa vizuri juu ya ngozi kavu inaweza kuteleza juu ya kitambaa laini cha mikono mirefu.

Je, kikombe kiwe kigumu au laini kwa nje? Watu hubishana sana juu ya hilo, na mimi nina upande wangu. Chukua chenye plastiki ngumu kwa ndani na sponji kwa nje. Plastiki ngumu husambaza pigo, na sponji ya nje humwokoa yule utakayemgonga bila kukusudia, kwa kuwa kiwiko chako kitafika usawa wa kidevu cha mtu mfupi mara nyingi kuliko unavyodhani. Hata NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, huhesabu kuwa kifaa cha hatari kinga yoyote ya kiwiko isiyofunikwa kwa nje na mpira wa sponji au kitu kinachofanana nao chenye unene usiopungua nusu inchi, yaani sentimita 1.27. Na kama unajiuliza kuhusu kumpiga mtu kiwiko kwa makusudi, hilo ni kosa lenye jina lake katika kanuni, na utalikalia kwenye kibanda cha adhabu.

Lipo jambo moja litakalokushangaza. Kofia na kinga ya uso huuzwa Kanada zikiwa na alama ya CSA, shirika la viwango la Kanada, na kaka yako hana budi kuitafuta alama hiyo kwenye kofia atakayokupa. Kinga ya kiwiko haina muhuri wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba hakuna karatasi itakayokuchagulia. Unategemea mkono wako, macho yako na lile jaribio la mara 20.

Kuhusu majina ya kampuni sitakuchosha. Bauer na CCM utazikuta katika kila duka, Warrior na Sherwood katika baadhi ya maduka, na zote hutengeneza kinga nzuri na kinga dhaifu, kulingana na bei. CCM, ukipenda kujua, ni kifupisho cha Canada Cycle and Motor, kampuni iliyoanza mwaka 1899 kwa kutengeneza baiskeli. Kinga ya kuanzia inayomfaa mtu mzima hugharimu makumi machache ya dola za Kanada, na ile ya juu hupita 100 kwa urahisi. Nyongeza hiyo hulipia wepesi na mwendo huru wa mkono, vitu ambavyo mchezaji wa siku sita kwa juma huvihisi na wewe hutavihisi. Chagua ya kati au hata ya kuanzia, mradi imekaa, na fedha inayobaki iweke kwenye kofia bora. Ukifika dukani, omba coudières au protège-coudes, na usiseme palet kama tulivyozoea kuwasikia Wafaransa. Wakebeki kisahani wanakiita rondelle.

Sasa nirudi kwenye chaguwa, kwa kuwa huko Québec pia yapo maduka ya vifaa vilivyotumika, na ningekushauri uanzie hapo. Kinga iliyotumika si mbaya ikipita mikono yako kwa makini. Bonyeza sponji kwa kidole gumba na uiachie: sponji hai hurudi mara moja, sponji iliyochoka hubaki na alama ya kidole kama unga uliokandwa. Kunja bamba la plastiki kidogo, uelekeze kwenye mwanga na utafute mistari myeupe, kwa sababu hiyo ni mwanzo wa ufa. Fungua na ufunge velkro mara kumi. Ikiwa imejaa nyuzi na nywele na inaachia kwa kuvutwa kidogo, kinga itateremka hata ikiwa saizi yako kamili, ingawa fundi cherehani yeyote anaweza kukubadilishia mkanda kwa bei ndogo. Mwisho inuse. Ninasema hivi bila mzaha, kwa kuwa jasho la miaka lililokauka ndani ya kitambaa hulea vijidudu, na ngozi ya kiwiko iliyochubuka kidogo huvipokea haraka. Harufu ikibaki baada ya kuioshea maji ya uvuguvugu na sabuni laini na kuianika siku mbili, itupe. Usitumie javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, wala mashine ya kukaushia kwa moto, kwa maana vyote viwili huua sponji na gundi.

Utakapokuwa huko, tatizo litakuwa kuikausha. Hapa kwetu nguo hukauka barazani. Kule, Januari, hakuna baraza, na wengi huacha mfuko wa vifaa ndani ya gari uliofungwa, ukaganda usiku kucha, wakidhani baridi imeua kila kitu. Baridi huvilaza tu vijidudu. Toa kila kitu kila baada ya mchezo, ukitundike chumbani penye hewa, sehemu ya ndani ikiwa imegeuzwa nje, mbali na kifaa cha kupasha joto. Wenye nyumba watalalamika kuhusu harufu, lakini watazoea.

Uelewe pia kinga hii haifanyi nini, ili usije ukajiamini kupita kiasi. Haimzuii mtu kuvunjika kifundo cha mkono au bega akianguka na mkono ulionyooka, kwa kuwa nguvu hupanda ndani ya mfupa kama inavyopanda ndani ya mchi, bila kupita kwenye kiwiko kwa nje. Jifunze kuanguka huku mikono imekunjwa karibu na kifua, kidevu kikiwa chini. Ukipata pigo na kiwiko kikavimba kwa nyuma bila joto wala wekundu, pumzisha mkono na uweke kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa. Kikiwa na joto au wekundu, au ukipata homa, au ikiwa huwezi kunyoosha mkono kwa nguvu yake mwenyewe, au vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi na haviamki, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mimi si daktari, ingawa wasomaji wameshazoea kuniita Dokta. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na wagonjwa wa kiwiko waliochelewa hunifikia wakiwa tayari wamekauka mkono.

Swali lako la mwisho lilihusu kuzivaa hapa barabarani, na jibu langu ni hapana. Kinga ya barafu imefunikwa kitambaa cha nailoni au sponji, kwa kuwa ilitengenezwa ili igonge kitu kinachoteleza. Lami yetu haitelezi, na mawe ya volkeno yaliyosagika pembeni mwa barabara zetu, yale tuliyobakishiwa na Nyiragongo, hukata kama tupa. Utakapoanguka, sponji ile laini itashika lami na kusimama ghafla, huku mwili wako ukiendelea kwenda, na hapo ama kinga itazunguka na kuacha kiwiko wazi, ama bega litavutwa. Kwa magurudumu unahitaji kinga yenye kikombe cha plastiki kilicho wazi kwa nje, ili plastiki yenyewe iteleze na kuchakaa badala ya ngozi yako. Hizo, tofauti na za barafu, zina kipimo cha Ulaya kinachojulikana, EN 14120, ambacho huandikwa kwenye kitambaa cha ndani, na mara nyingi huuzwa pamoja na kinga za magoti na za vifundo vya mikono. Ikibidi uchague kimoja tu katika mfuko huo, kwenye magurudumu chukua za vifundo, kwa sababu mtelezaji akianguka hutanguliza viganja.

Nenda basi bila kinga za viwiko kwenye sanduku lako, na upeleke fedha. Kaka yako aazime utepe wa fundi nguo kabla hujafika. Na huko Birere, ukipita tena na ukakuta kwamba zile mbili kweli ni za kushoto, muulize muuzaji afungue robota lote: huenda R imo ndani, chini ya makoti.